Mabishano si vita: Historia ya Konferansi ya Kitaifa na swali la mama mmoja

Goma, Kivu ya Kaskazini. Juzi, baada ya misa, nilikaa kwenye ubao pamoja na familia zilizohama makwao, tukisikiliza habari za radio. Mtangazaji alikuwa akieleza kwamba kuna watu wanaoomba tena mazungumzo ya kitaifa. Mama mmoja kutoka Masisi akacheka kidogo, kisha akaniambia: « Ndugu mwandishi, hawa wakubwa wanabishana tangu mimi ni msichana. Walibishana Kinshasa, wakaenda kubishana Afrika Kusini, wakarudi kubishana hapa Goma. Mimi ningali kwenye hema. Si afadhali wote wanyamaze, tupate mtu mmoja tu wa kuamuru? »

Mzee aliyekuwa karibu naye akatikisa kichwa. « Mama, » akasema, « huyo mtu mmoja wa kuamuru tulikuwa naye. Tulikaa naye miaka 32. »

Mazungumzo hayo mafupi hayakunitoka kichwani. Swali la mama ni la haki, na wengi wanalo hata kama hawalisemi. Jibu la mzee nalo ni la kweli, lakini halitoshi. Kwa hiyo nimeona vizuri turudi nyuma pamoja, tuangalie namna gani nchi yetu ilijaribu kubishana bila kuuana, ni nini kilifaa, na ni wapi kamba ilikatika. Vijana wengi wanaotusikiliza walizaliwa baada ya mambo hayo. Wazee wanaokumbuka watanisahihisha.

Tangu zamani tunajua kubishana

Kwanza tuseme jambo moja: mabishano hayakuletwa na demokrasia. Katika vijiji vyetu kuna barza. Watu wanakaa mbele ya nyumba ya mwami au ya mzee, na kesi inaletwa: mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, mahari ambayo haikumalizika. Watu wanapandisha sauti, wengine wanasimama kwa hasira. Lakini barza ina masharti yake. Anayeshtakiwa lazima awepo. Kila mmoja anasema kwa zamu. Ushahidi unatolewa mbele ya wote, si kwa kunong'ona. Na mwisho watu wanarudi kuishi mlima mmoja, kwa sababu hakuna mwenye pahali pengine pa kwenda.

Tuyaweke masharti hayo kichwani. Tutayahitaji tutakapofika Kinshasa.

Wakati wa sauti moja

Mwaka 1967 Raisi Mobutu aliunda chama cha MPR. Kisha chama hicho kikawa chama pekee, na baadaye kikawa juu ya taasisi zote za nchi. Kila Mzaire, hata mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, alihesabiwa kuwa mwanachama. Watu waliimba na kucheza, na kwa aliyekuja kutembea nchi ilionekana kuwa na umoja mkubwa.

Umoja huo ulikuwa wa midomo. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ndefu ya kumweleza makosa ya utawala wake. Ndani ya kundi hilo walikuwemo Étienne Tshisekedi na Joseph Ngalula. Hawakuchukua silaha. Walikuwa wabunge wa chama chenyewe, na walichofanya ni kuandika. Wakafungwa, wengine wakapelekwa kukaa vijijini mbali na mji. Mwaka 1982 walianzisha UDPS kwa siri, maana sheria haikukubali chama cha pili.

Hapa ndipo jibu la mzee linapata uzito. Wakati wa sauti moja, matatizo hayakwisha. Yalikosa tu pahali pa kusemwa. Mfano ulio karibu nasi ni suala la uraia. Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaja kuwanyang'anya, ikiomba kila mmoja aonyeshe babu aliyekuwa ndani ya mipaka ya Kongo tangu mwaka 1885. Sheria zote mbili zilitoka juu, bila wakaaji wa Masisi, wa Rutshuru, wa Walikale wala wa Uvira kukaa pamoja na kuulizana: tutaishi namna gani? Kila upande ulibaki na uchungu wake nyumbani, ukiwafundisha watoto.

Mlango unafunguliwa

Mwanzoni mwa mwaka 1990 Mobutu alizunguka nchi kuuliza wakaaji maoni yao. Maelfu ya barua zilimjia, na nyingi zilikuwa kali kuliko alivyotegemea. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, alitangaza kwamba chama kimoja kimekwisha. Alilia mbele ya watu.

Furaha haikukaa. Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Mpaka leo watu hawapatani juu ya hesabu ya waliouawa. Ubelgiji na nchi nyingine zilipunguza au kukata misaada yao. Ndani ya nchi vyama viliota kama uyoga baada ya mvua. Vingine vilikuwa vya kweli, vingine vilikuwa vya mfukoni, vilivyolipwa ili kuchanganya watu tu.

Makanisa, wafanyakazi, walimu, wanafunzi na wapinzani wakaomba kitu kilichokuwa kimefanyika Benin mwaka 1990: kikao cha nchi nzima, ambapo kila kundi linakuja kusema na ambacho maamuzi yake hayapingwi na mtu mmoja. Ndiyo iliyoitwa Conférence Nationale Souveraine, au CNS. Ilifunguliwa tarehe 7 Agosti 1991 kwenye Palais du Peuple, Kinshasa, na wajumbe zaidi ya 2,800.

Njia haikuwa nyororo. Tarehe 23 Septemba 1991 maaskari waliochoka na mishahara isiyotosha walianza kupora mji, na wakaaji wakawafuata. Maduka, viwanda na hata nyumba za watu ziliachwa tupu. Mawaziri wakuu waliteuliwa na kufukuzwa kwa majuma. Mwezi Desemba wajumbe walimchagua Monsinyori Laurent Monsengwo, wakati ule askofu mkuu wa Kisangani, kuongoza kikao. Mwezi Januari 1992 waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond akakifunga.

Wakaaji hawakukubali. Tarehe 16 Februari 1992, siku ya Jumapili, wakristo walitoka makanisani Kinshasa na katika miji mingine, wakiwa na biblia, rozari na matawi mikononi, kuomba kikao kifunguliwe tena. Maaskari wakawapiga risasi, na watu wengi wakafa. Tufikiri kidogo hapo: watu hao walikufa wakiomba wakubwa waruhusiwe kubishana. Tarehe 6 Aprili kikao kilifunguliwa tena, na siku chache baadaye kikajitangaza kuwa chenye mamlaka.

Kile ambacho CNS ilifundisha

Wazee wanakumbuka radio. Mijadala ilipelekwa kwa radio na televisheni, na kazi zilisimama. Watu walikusanyika mahali palipokuwa na radio yenye betri nzuri. Mara ya kwanza katika maisha yao walisikia mtu akimwambia mkubwa wa serkali, kwa jina lake, kwamba alikosa, na kesho yake mtu huyo akarudi kusema tena. Walimsikia pia mkubwa yule akijibu.

Hilo lilikuwa somo kubwa kuliko maazimio yote. Kwa miaka zaidi ya 20, mpinzani alikuwa ni msaliti. Kwenye CNS mpinzani akawa mtu anayekaa kwenye kiti cha tatu kutoka kwako, anayekukasirisha, na ambaye utakula naye mchana. Wajumbe waligawanywa katika tume: historia ya siasa, uchumi, haki, mila, wanawake, vijana. Ndani ya tume, watu waliochukiana kwenye magazeti walilazimika kuandika ripoti moja yenye sentensi ambazo wote wanaweza kuzisoma.

Tarehe 15 Agosti 1992 wajumbe walipiga kura kumchagua waziri mkuu wa kipindi cha mpito. Tshisekedi alipata karibu asilimia 71, akamshinda Thomas Kanza. Kanza hakuenda porini. Hakuna askari aliyempigia mwenzake risasi juu ya matokeo yale ndani ya ukumbi. Kwa nchi iliyokuwa imezoea kupokea viongozi kutoka juu, ilikuwa ajabu.

Basi mama wa Masisi atauliza: kama ilikuwa vizuri hivyo, kwa nini tuko hapa?

Kamba ilikatika pahali patatu

Kwa maoni yangu, CNS haikuanguka kwa sababu watu walibishana sana. Ilianguka pale ambapo mabishano yalikatwa kabla ya kumalizika. Naona sehemu tatu.

Ya kwanza ni ukweli uliofungiwa. Kati ya tume zote, mbili zilikuwa za moto zaidi: ile iliyochunguza mauaji ya kisiasa, na ile iliyochunguza mali iliyochukuliwa kwa njia isiyo halali. Ripoti zao hazikusomwa mbele ya kikao chote hadharani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda amani: watu waliogopa kwamba nchi itawaka. Tarehe 6 Desemba 1992 CNS ilifungwa, na mambo hayo yakabaki kwenye karatasi. Nchi iliwaka hata hivyo. Kwenye barza, mzee anayeficha ushahidi ili watu wasikasirike anajua kwamba kesi itarudi, na itarudi na mapanga.

Ya pili ni watu waliotolewa nje. CNS ilifuata mtindo wa kuwapanga watu kwa jimbo la asili yao. Swali la « wewe ni wa wapi kweli? » likawa swali la kwanza. Watu wa Kivu wanaosema Kinyarwanda walipokuja kudai nafasi zao, uraia wao ulipingwa, na wajumbe wao wakakataliwa. Kuna waliokuwa na sababu za kweli za kuogopa: ardhi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na matajiri, na machifu wa kimila waliona mamlaka yao yanapungua. Hofu hiyo ilistahili kusikilizwa. Lakini huwezi kusikiliza kesi huku upande mmoja uko nje ya uzio. Mwezi Machi 1993 mapigano yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu ya watu waliuawa, na wengi zaidi wakahama, wa kabila zote. Huo ulikuwa mwaka mzima kabla ya mauaji ya Rwanda na kabla ya wakimbizi kuvuka mpaka kuja Goma. Hatuwezi kusema kwamba moto wote uliletwa na jirani.

Ya tatu ni umbali kati ya ukumbi na mtaa. Wajumbe walipokuwa wakijifunza kubishana Kinshasa, huku mikoani wengine walikuwa wakifundisha vijana kufukuza. Katanga ndiyo mfano mchungu. Nguz, mtoto wa Katanga, alipoondoka na Tshisekedi, mtoto wa Kasai, akachaguliwa, kura ile ya Kinshasa ikageuzwa huko Likasi na Kolwezi kuwa vita ya wenyeji na wageni. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alisema wazi kwamba Wakasai warudi kwao. Vijana wa chama cha UFERI walipita nyumba kwa nyumba. Familia ambazo baba na babu zao walikuja kuchimba shaba wakati wa Wabelgiji zililala majuma na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Watoto walikufa hapo kwa magonjwa. Waliohama walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Nawakumbusha ndugu zetu wa Masisi, wa Rutshuru na wa Nyiragongo habari ya stesheni hizo kwa makusudi. Mara nyingine tunafikiri kuhama ni mzigo wa Kivu peke yake. Familia za Likasi zililala kwenye saruji kama ninyi. Na hawakufukuzwa na jeshi la kigeni. Walifukuzwa na jirani, kwa sababu ya ushindani ambao ungemalizika kwa kura.

Baada ya hapo Mobutu alimfukuza Tshisekedi, Tshisekedi akakataa kufukuzwa, na mwaka 1993 nchi ikawa na mawaziri wakuu wawili na mabunge mawili, kila moja na karatasi yake ya sheria. Mwezi Januari mwaka ule ule maaskari walilipwa kwa noti mpya za milioni tano ambazo waziri mkuu alikuwa amezikataa. Wachuuzi hawakuzipokea, na uporaji wa pili ukaanza. Kila kambi ilikuwa na watu wake na ukweli wake. Mwaka 1994 mabunge mawili yaliunganishwa, lakini mwili ulikuwa tayari umechoka. Vita ya mwaka 1996 ilikuta nchi isiyo na pahali pa kuongelea.

Sun City: kubishana na wenye bunduki

Mara ya pili mabishano yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu walioketi mezani walikuwa na majeshi. Mapatano ya Lusaka ya mwezi Julai 1999 yalisema kwamba Wakongomani wazungumze wao kwa wao. Msuluhishi alikuwa Ketumile Masire, aliyekuwa raisi wa Botswana. Mwaka 2000 serkali ya Laurent-Désiré Kabila ilifunga ofisi yake ya Kinshasa. Baada ya Joseph Kabila kuingia mwaka 2001, alikubaliwa tena na kazi ikaendelea.

Kuanzia tarehe 25 Februari mpaka 19 Aprili 2002 wajumbe zaidi ya 300 walikuwa Sun City, Afrika Kusini: serkali, MLC, RCD na matawi yake, Mai-Mai, wapinzani wasio na silaha, na mashirika ya raia. Mwishoni serkali na MLC walipatana wao wawili, wakaiacha RCD na wapinzani wengine nje. Ikaonekana haraka kwamba mapatano ya namna hiyo hayatembei: RCD ilikuwa inashika sehemu kubwa ya mashariki. Wakarudi mezani, na tarehe 17 Desemba 2002 huko Pretoria wakatia saini mapatano yanayogusa wote. Ndipo ikaja serkali ya raisi mmoja na makamu wanne, tangu katikati ya mwaka 2003.

Watu waliicheka hesabu ile ya « moja jumlisha nne », na walikuwa na haki. Wakubwa waligawana viti kama nyama ya sherehe, na haki kwa waliouawa ikasukumwa mbele. Lakini tusisahau kilichozaliwa humo. Bunge la mpito, lenye maadui wa jana ndani yake, lilipitisha mwezi Novemba 2004 sheria mpya ya uraia. Ilisema kwamba makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa ndani ya Kongo wakati wa uhuru ni ya Wakongomani. Ni lile lile swali ambalo mwaka 1981 lilikatwa kwa kalamu, na mwaka 1992 likatupwa nje ya ukumbi. Katiba iliyopigiwa kura mwezi Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006 iliendelea na njia hiyo. Katiba hiyo hiyo inasema pia kwamba upinzani wa kisiasa unatambuliwa na haki zake zinalindwa. Tulinganishe na mwaka 1980, barua ilipokuwa sababu ya kufungwa.

Sheria peke yake haijazi shamba wala hairudishi ng'ombe. Maneno hayo yameandikwa vizuri, lakini kule milimani watu bado wanaulizana « wewe ni wa wapi kweli? ». Hata hivyo, maandishi yaliyopatikana kwa kubishana yanaweza kushikwa mkononi mbele ya hakimu. Hilo sauti moja haikutupa kamwe.

Barza ya makabila

Karibu na sisi kuna mfano ambao vijana wengi hawaujui. Mwaka 1998, katikati ya vita, viongozi wa makabila ya Kivu ya Kaskazini, Bahunde, Bahutu, Batutsi, Banande, Banyanga, Batembo, Bakumu na wengine, walianza kukaa pamoja katika kikao kilichoitwa Barza Intercommunautaire. Hawakuwa na jeshi. Walipokea kesi za ardhi, za mauaji ya kulipiza kisasi, za maneno ya uchochezi, na walikwenda wenyewe vijijini kabla moto haujapanda. Makundi yenye silaha hayakuisha, lakini chuki kati ya makabila ilipungua kwa miaka kadhaa.

Kilichoivunja kilikuwa siasa. Mwaka 2005, uchaguzi ulipokaribia, wanasiasa wa kila kambi walitaka kabila lao liwe sanduku lao la kura. Wazee wakagawanyika, na barza ikakosa nguvu. Mwezi Januari 2008 konferansi kubwa ilifanyika hapa Goma, watu zaidi ya 1,000 walikuja, na tarehe 23 Januari makundi yenye silaha yakatia saini. Kabla ya mwaka kwisha vita ilikuwa imerudi mpaka milango ya mji. Saini zilikuwa za wenye bunduki. Kesi za mashamba zilibaki vijijini zikiwangoja waliohama.

Nirudi kwa mama

Jumapili iliyofuata nilimkuta mama tena, akiwa kwenye foleni ya maji. Nilimwambia: mama, sikatai uchungu wako. Lakini nikiangalia miaka hii yote, sioni pahali ambapo kunyamaza kulituokoa. Naona mabishano mengi yaliyoachwa katikati. Alinisikiliza, akauliza: « Sasa sisi tusio na kiti kwenye meza yao, tufanye nini? »

Nilimjibu kwa yale ninayoyaona. Watu wakija kutuambia kwamba kuna mazungumzo mapya, ya Kinshasa, ya nje au ya hapa, tusiulize tu nani ametia saini. Tuulize mambo matatu. Je, yule anayelaumiwa yumo ndani, au wanamsema akiwa nje? Je, ukweli wa waliouawa na mali iliyochukuliwa utasomwa mbele ya watu, au utafungwa kwenye sanduku? Je, maneno yatashuka mpaka kijijini, kwa mwenye shamba na aliyelichukua, au yatabaki hotelini? Jibu likiwa hapana kwa moja tu, tujue kamba itakatika hapo.

Na kuna kitu ambacho hakihitaji kiti chochote. Ndani ya kambi na mitaa inayotupokea kuna kamati za maji, za ugawaji wa chakula, za wazazi wa shule. Humo pia watu wanashuku: orodha imeandikwa kwa upendeleo, watu wa mlima fulani wamepewa mara mbili. Mara nyingi tunachagua njia mbili mbaya, kunyamaza na kuchukia, au kupigana. Njia ya barza ipo. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya wote. Anayeshukiwa aitwe, ajieleze. Anayeshtaki aseme alichoona, si alichosikia. Na tusimwite mtu kwa jina la kabila lake tunapozungumzia kosa lake. Tumwite kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu kosa ni lake.

Pia tuwe waangalifu na ujumbe wa simu. Mwaka 1992 maneno ya kufukuza watu Katanga yalihitaji mkutano na kipaza sauti. Leo sauti moja ya dakika mbili inafika kambi zote kabla ya jioni. Kabla ya kuituma kwa mwingine, tujiulize kama tungethubutu kuisema kwenye barza, huyo anayesemwa akiwa ameketi mbele yetu.

Mama alijaza bidoni yake, akaibeba mgongoni. « Kwenye kamati yetu ya maji, » akasema, « kuna mwanaume mmoja sisalimiani naye tangu mwezi wa tatu. Ni juu ya zamu. » Nilimwuliza kama atamwita kwenye kikao. Akasema atafikiri. Kisha akageuka: « Lakini akija, nitasema yote. »

Mzee wetu yule angekubali. Barza inaanza hapo.